Ufupi Usio Upungufu: Minutemen wa San Pedro, 1980–1985

Wapenzi wa ushairi wamezoea kuupima utungo kwa fani yake na maudhui yake. Liko swali la tatu ambalo aghalabu huachwa nyuma, nalo ni la gharama: utungo huu umegharimu nini, na ni nani aliyelipa? Wengi huliona swali hilo kuwa la sokoni na lisilostahiki kuulizwa barazani. Hata hivyo iko bendi moja ya Marekani ambayo haihakikiki bila ya swali hilo, kwa kuwa kwao gharama ndiyo iliyozaa umbo la tungo. Bendi hiyo ni Minutemen, vijana watatu wa San Pedro, California, waliopiga muziki kwa muda usiotimia miaka sita, tangu 1980 hadi Desemba 1985, wakaacha nyimbo ambazo nyingi hazifiki dakika mbili.

San Pedro ni mji wa bandari. Tangu 1909 umo ndani ya mipaka ya jiji la Los Angeles, lakini uko mbali na Hollywood, huko kusini ambako meli hupakia na kupakua. Ni mji uliojengwa na wavuvi, makuli wa gatini, mafundi wa meli na wafanyakazi wa viwanda vya samaki. Mike Watt, mpiga gitaa la besi, alizaliwa Virginia mwaka 1957, mtoto wa baharia wa jeshi la majini, akahamia San Pedro utotoni. Hapo alikutana na D. Boon, aliyezaliwa 1958, ambaye angekuja kuwa mpiga gitaa na mwimbaji mkuu. Watt amesimulia mara nyingi kwamba walijuana siku Boon alipomrukia kutoka juu ya mti akidhani ni mtoto mwingine. Mama yake Boon ndiye aliyewatia katika muziki: mwanawe ashike gitaa na rafiki yake ashike besi, ili wawe na shughuli nyumbani na wasizurure mitaani. George Hurley, mpiga ngoma, alisoma nao shule moja.

Jina la bendi limezua maelezo mengi. Wasikilizaji wengi walidhani wameitwa “watu wa dakika” kwa sababu ya ufupi wa nyimbo zao. Asili yake ni wanamgambo wa vita vya uhuru wa Marekani vya karne ya kumi na nane, waliokuwa tayari kushika silaha kwa taarifa ya dakika moja. Katika miaka ya 1960 kundi moja la mrengo mkali wa kulia lilijitwalia jina hilohilo, na vijana hawa, waliokuwa na siasa za upande wa pili kabisa, wakalichukua kwa kejeli. Aidha, kwa Kiingereza neno hilohilo likitamkwa vingine humaanisha kitu kidogo mno. Jina moja likabeba maana tatu, na hakuna hata moja iliyowakaa vibaya.

Ufupi wenyewe ulikuwa na mwalimu. Mwaka 1977 bendi ya Wire ya London ilitoa albamu iitwayo Pink Flag, yenye nyimbo 21, baadhi yao zikiisha kabla msikilizaji hajajua zimeanza. Wakati huo muziki wa panki ulikuwa umekwisha kuwafundisha vijana wa tabaka la chini kwamba mtu hahitaji kibali cha mabwana wa muziki ili apande jukwaani. Wire waliongeza fundisho jingine: wimbo ukishasema neno lake, unyamaze. Minutemen walilishika fundisho hilo kwa mikono miwili. Santuri yao ya kwanza, Paranoid Time ya 1980, ilikuwa na nyimbo saba ambazo kwa pamoja hazikufika dakika saba. The Punch Line ya mwaka uliofuata ilikuwa na nyimbo 18 ndani ya robo saa.

Tukizitazama fani za nyimbo hizo tutaona ni kitu gani kilichokatwa. Kwanza ni kibwagizo. Katika muziki wa roki kibwagizo ndicho chambo: huwekwa ili kikariri, kimnase msikilizaji, kimrudishe dukani. Minutemen waliona kwamba jambo likisemwa mara moja kwa uwazi halina haja ya kurudiwa mara nne. Pili ni mbwembwe za gitaa, zile dakika ambazo mpigaji huwasahau wenziwe na kuonyesha wepesi wa vidole. Boon alikuwa na wepesi huo, lakini alijipa sekunde chache tu, mithili ya mtu anayeshika zamu yake ya kusema kikaoni na kukaa. Tatu ni utangulizi. Nyimbo zao huanza katikati ya hoja. Kinachobaki ni ubeti mmoja au miwili, na kimya.

Hapa ndipo swali la gharama linapoingia. Vijana hawa walikuwa na kazi za mchana, na studio hukodishwa kwa saa. Basi walirekodi usiku wa manane wakati bei iko chini, wakatumia tepu zilizokwisha kutumika, na wakazipiga nyimbo kwa mfuatano uleule zitakaotokea katika santuri, ili wasilipe fedha za kuzikata na kuzipanga upya. Mtu anayefanya kazi kwa masharti hayo hujifunza kuja na utungo uliokamilika kichwani. Safarini waliendesha gari wenyewe, wakabeba vyombo wenyewe, wakavifunga na kuvifungua wenyewe. Mwenendo huo waliuita kwa neno la mtaani kwao, “econo”, yaani ubanifu. Walikuwa pia na namna yao ya kuigawa dunia: kila kitu ni ama onyesho ama tangazo la onyesho. Santuri, picha, mahojiano, yote yalikuwa matangazo. Kazi hasa ilikuwa kusimama mbele ya watu na kupiga.

Kampuni iliyotoa santuri zao, SST, nayo ilikuwa ya mkono kwa mkono. Greg Ginn, mpiga gitaa wa bendi ya Black Flag, aliianzisha kutokana na biashara yake ndogo ya vifaa vya redio, na michoro ya majalada mengi ilifanywa na ndugu yake, Raymond Pettibon, ambaye leo kazi zake zimo katika majumba makubwa ya sanaa. Hapakuwa na mfadhili wa kuwaambia waimbe nini, na hapakuwa na mfadhili wa kulipia makosa yao. Yote mawili yanasikika katika nyimbo.

Yanasikika kwanza katika mgawo wa sauti. Katika bendi nyingi za roki gitaa hujaza nyumba nzima, besi likabaki chini kama msingi usioonekana. Boon alizipunguza makusudi sauti nzito za gitaa lake, akabakisha zile nyembamba na kali, ili besi la Watt na ngoma za Hurley zipate uwanja wao. Watt ameeleza kwamba kwa Boon hilo lilikuwa jambo la siasa: watatu sawa, hakuna sultani. Huu ni mfano adimu wa itikadi iliyoingia katika fani yenyewe badala ya kuishia katika maneno. Wako watungaji wanaoimba usawa huku ala moja ikizikalia nyingine. Msikilizaji asiyeelewa neno hata moja la Kiingereza anaweza kuusikia usawa wa Minutemen kwa kufuatisha ala moja moja, kwani kila moja ina njia yake na hakuna inayomkanyaga mwenziwe.

Katika maudhui, watunzi wawili wakuu walikuwa na tabia mbili. Watt alikuwa msomaji wa James Joyce, hata wimbo mmoja usio na maneno akauita “June 16th”, tarehe ambayo matukio ya riwaya ya Ulysses yanatokea. Maneno yake ni vipande vipande, yamejaa fumbo, na mara nyingine hujifunga. Boon alisema wazi. Wimbo wake “This Ain’t No Picnic” ulitokana na kazi aliyokuwa akifanya katika duka la vipuri vya magari, ambako msimamizi alimkataza kusikiliza redio iliyopiga muziki wa watu weusi. Filamu fupi ya wimbo huo ilitengenezwa kwa fedha kidogo mno, kwa kuchukua picha za sinema ya zamani aliyocheza Ronald Reagan, rais wa Marekani wakati huo, zikaunganishwa na za bendi hata ikaonekana kana kwamba yeye ndiye rubani anayewadondoshea mabomu. “Corona” ulitokana na safari ya Mexico, na kiini chake ni mwanamke maskini anayeokota chupa tupu. Kitu kidogo, kilichotupwa, chenye thamani ya senti chache. Mbele yake mtalii anaona haya.

Tofauti ya watunzi hao wawili ilizaa mojawapo ya tungo za ajabu katika muziki huu. Inasimuliwa kwamba Boon alilalamika kuwa maneno ya Watt yanaelea hewani, hayagusi ardhi. Watt akamjibu kwa kuchukua barua fupi ya mwenye nyumba kuhusu maji yanayovuja bafuni, akaifanya kuwa maneno ya wimbo “Take 5, D.” Mtu anaweza kuuita mzaha, na mzaha umo. Lakini usikilizeni mara ya pili. Lugha ya mwenye nyumba kwa mpangaji, yenye adabu na amri ndani yake, inaposomwa polepole juu ya gitaa, hufichua ni nani mwenye nguvu na ni nani mwenye hofu. Hakuna tamathali hata moja, na bado ni ushairi, kwa sababu kuna mtu aliyeliona neno la kawaida na kuliweka mahali ambapo haliwezi tena kupita bila ya kusikika.

Kazi yao kuu ni Double Nickels on the Dime, iliyotoka Julai 1984: santuri mbili, nyimbo 45, zilizogharimu takriban dola 1,100. Chanzo chake ni ushindani wa kindugu. Walikuwa tayari na nyimbo za kutosha albamu moja walipopata habari kwamba wenzao wa SST, Hüsker Dü, wamerekodi santuri mbili, Zen Arcade. Wakarudi kutunga, wakarekodi nyingine. Jina la albamu ni lugha ya madereva wa malori, yaani kwenda maili 55 kwa saa bila ya kuzidisha, ambayo ndiyo iliyokuwa kasi ya juu kabisa iliyoruhusiwa barabarani nchini humo. Wakati huo mwimbaji Sammy Hagar alikuwa akijigamba katika wimbo kwamba hawezi kuendesha kwa kasi hiyo. Jibu la Minutemen lilikuwa kwamba wao wataitii sheria ya barabarani na kufanya ukaidi wao katika muziki. Picha ya jalada inamwonyesha Watt usukanini, mshale wa kasi uko kwenye 55, na mbele yake kibao cha njia ya kwenda San Pedro.

Kila mmoja wa watatu alipewa upande wa santuri aupange nyimbo zake kwa zamu, na zilizobaki zikatiwa upande wa nne, nao wakauita makapi. Nyimbo 45 zingeweza kuwa rundo tu. Kinachozuia zisiwe rundo ni jambo ambalo msomaji wa tenzi atalitambua upesi. Utenzi hauna ubeti mrefu; una ubeti mfupi wa mizani michache, na ukubwa wake hutokana na uvumilivu wa kupanga ubeti juu ya ubeti hadi bahari nzima ivukwe. Minutemen, pasi na kuujua utenzi, walifika kwenye kanuni hiyohiyo. Wimbo mmoja wa Double Nickels ni mdogo. 45 ni mji mzima, wenye bandari, baa, kiwanda, vita vya Amerika ya Kati vinavyosikika kwa mbali, na marafiki wanaobishana. Ubanifu wao ukawa ndio njia ya upana.

Katikati ya mji huo umo wimbo wa upole, “History Lesson – Part II”, unaosimulia jinsi vijana wawili wa San Pedro walivyopanda hadi Hollywood na jinsi panki ilivyowabadilisha maisha. Anayeuimba ni Boon, na ndani yake anamtaja rafiki yake kwa jina lake kamili. Lakini aliyeuandika ni Watt. Katika tungo zetu za kale mtunzi huliacha jina lake katika beti za mwisho ili ajulikane na aombewe. Hapa mtunzi amelitia jina lake kinywani mwa rafiki, akajitazama kwa macho ya mwenziwe, na urafiki wao ukawa ndio nafsineni ya utungo. Sijui wimbo mwingine wa roki uliofanya hivyo kwa utulivu namna hiyo.

Sifa hizo zisitupofushe. Maneno mengi ya Minutemen yakisomwa peke yake karatasini hayasimami. Baadhi ya mashairi ya Watt yamefumbwa hata fumbo likameza maana, na baadhi ya nyimbo za kisiasa za Boon ni kauli za mkutano wa hadhara ambazo ala tu ndizo zinazozipa uhai. Upande wa makapi, kwa haki, umeitwa jina lake. Tena iko Project: Mersh ya 1985, ambayo jina lake ni kifupi cha mtaani cha neno “biashara”. Humo walirefusha nyimbo, wakatia vibwagizo na tarumbeta, ili kuona kama watakubalika redioni. Ilikuwa nusu dhihaka na nusu jaribio, na nusu hizo mbili zikavunjana. Kejeli inahitaji msikilizaji ajue kinachokejeliwa. Nyimbo za Mersh hazina wepesi wa zile za awali, wala hazina utamu wa zile zinazochezwa redioni. 3-Way Tie (For Last), iliyotoka mwisho wa mwaka huohuo, ina nyimbo nzuri za Boon kuhusu vita, lakini pia ina nyimbo nyingi za watu wengine, na husikika kama kazi ya watu waliochoka na safari.

Liko pingamizi kubwa zaidi. Je, kuusifu ubanifu huu si kuusifu umaskini? Wengine hupenda kusikia kwamba msanii mzuri ni msanii mwenye njaa, na kauli hiyo huwafaa sana wale wasiotaka kumlipa. Nionavyo, kisa cha Minutemen hakiungi mkono kauli hiyo. Umaskini ni kukosa uchaguzi; ubanifu wao ulikuwa uchaguzi wa kila siku, wenye hesabu na daftari. Walizuia gharama zisipande ili kesho wasilazimike kumpendeza mtu asiyewapenda. Maonyesho yao yaliwalipia mafuta ya gari. Mafuta yakawafikisha kwenye onyesho jingine. Kiwango hicho kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa chao. Aliyemwachia mfadhili daftari lake la hesabu hana uhakika atakuwa na neno gani mwakani.

Baada ya maonyesho ya Desemba 1985 pamoja na R.E.M., bendi iliyokuwa ikielekea kwenye umaarufu mkubwa, Minutemen walirudi nyumbani. Tarehe 22 ya mwezi huo D. Boon alikuwa safarini katika jangwa la Arizona, amelala nyuma ya gari kwa homa. Gari liliacha njia, akarushwa nje, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 27. Wako wanaopenda kusema kwamba nyimbo fupi zilikuwa bishara ya maisha mafupi. Mhakiki hana budi kulikataa neno hilo. Nyimbo zilikuwa fupi kwa kuwa zilikamilika. Maisha ya Boon yalikatwa. Mambo hayo mawili hayafanani, na kuyachanganya ni kumdhulumu maiti mara mbili.

Watt na Hurley walitaka kuacha kabisa. Kijana mmoja wa Ohio, Ed Crawford, aliyekuwa mpenzi wa nyimbo zao, alisafiri hadi San Pedro akawashawishi, na kuanzia 1986 hadi 1994 wakapiga pamoja kwa jina la fIREHOSE. Katika 3-Way Tie walikuwa wametia karatasi za kura ili wasikilizaji wachague nyimbo za santuri ijayo. Watt alizihesabu kura hizo baada ya msiba, na 1987 ikatoka Ballot Result. Mwaka 1997 alitoa Contemplating the Engine Room, kisa cha mabaharia watatu katika chumba cha mitambo ya meli, ambamo maisha ya baba yake na maisha ya bendi yanasukwa kamba moja. Ndiyo kazi yake bora ya upweke, na haishangazi kwamba mtoto wa bandari, alipotaka kumlilia rafiki, aliteremka chini ya sitaha, kwenye joto na makelele ambako abiria hawafiki. Mwaka 2005 ikaonyeshwa filamu ya maisha yao, We Jam Econo.

Ajabu ya hatima ni kwamba sauti yao iliyosikika na watu wengi zaidi ni gitaa la mwanzo la “Corona”, lililochukuliwa tangu 2000 kuwa alama ya kipindi cha mizaha cha televisheni, Jackass. Mamilioni wameucheka mwanzo huo bila ya kujua kwamba baada yake anakuja mwanamke anayeokota chupa. Si kosa lao. Walikatiwa wimbo kabla haujafika kwake.

Ufupi, basi, una namna mbili. Uko wa kukatwa, kama huo wa televisheni, unaoacha nyuma kile kilichokuwa na uzito. Na uko wa kupimwa, ambao mtunzi ameutoa kila kisichohitajika hadi pakabaki neno lenye mwenyewe. Watungaji wetu wanaohesabu mizani wanaijua kazi hiyo ya pili, ingawa mara nyingine tunazijaza mizani kwa maneno ya kuzibia nafasi na kuuita ujazo huo ustadi. Anayetaka kuzionja nyimbo za Minutemen aanze na Double Nickels, upande wowote, na asiogope kuurudia wimbo uliokwisha kabla hajakaa sawasawa. Ulikuwa umekwisha sema.